Jembe Usiliweke Chini: Funzo la 1914 kwa Anayetaka Kujua Majira



Kuna swali moja ambalo waumini huuliza kuliko mengine yote: "Mchungaji, nitajuaje kwamba huu ndio wakati wa Mungu?" Mmoja anauliza kwa sababu ya ndoa. Mwingine anataka kuuza ng'ombe amtume kijana nje ya nchi. Mwingine ameambiwa unabii na hajui aufanyie nini. Leo sitakujibu kwa mstari mmoja na kukuacha hapo. Nataka tutembee pamoja katika historia ya Nyanza yetu, kisha tufungue Neno tuone linasema nini.

Anza na wana wa Isakari. Katika 1 Mambo ya Nyakati 12 makabila yanamwendea Daudi Hebroni, na kila kabila linahesabiwa kwa silaha na askari wake. Zabuloni wanakuja watu elfu hamsini, wamejipanga kwa vita. Lakini ukifika mstari wa 32, Isakari hawasifiwi kwa mikuki. Wanasifiwa kwa sababu walielewa nyakati, wakajua Israeli wafanye nini. Viongozi wao walikuwa 200 tu. Shika mambo hayo mawili: kuelewa nyakati, na kujua la kufanya. Mtu anaweza kuona kwamba jambo kubwa linatokea, na bado akakosea hatua yake. Hilo ndilo lililotokea jirani zetu Kisii mwaka wa 1914.

Wewe uliyezaliwa Ntimaru unajua mpaka ulivyo karibu. Wazungu waliuchora mstari huo kwa mapatano yao ya 1886 na 1890, kutoka Ziwa Victoria kuelekea Kilimanjaro. Hakuna Mkuria aliyeulizwa. Abairege wakajikuta wengine wako upande wa Mwingereza, wengine upande wa Mjerumani, na shangazi akawa mtu wa nchi nyingine. Kwa miaka mingi mstari huo ulikuwa wa kwenye karatasi. Agosti 1914 vita vilipoanza Ulaya, ukawa mstari wa bunduki.

Kabla ya vita hivyo watu wa Nyanza walikuwa tayari na maumivu. Kule Gusii serikali ya Mwingereza ilipeleka jeshi mwaka wa 1905, na tena mwaka wa 1908, baada ya kijana Otenyo kumchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote. Nabii mwanamke Moraa ndiye anayekumbukwa kwa kuwatia watu moyo wakati huo. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, mifugo ikachukuliwa. Kisha ikaja kodi, na kazi ya kulazimishwa. Nayasema haya mapema ili usije ukawahukumu. Kilio chao kilikuwa cha haki.

Sasa sikiliza. Mwaka wa 1913, kule Alego, mtu mmoja aitwaye Onyango Dunde alitangaza kwamba nyoka mkubwa wa ziwani, Mumbo, alimmeza kisha akamtapika, akampa ujumbe wa kupeleka kwa watu. Ujumbe ulikuwa kwamba wazungu watatoweka na maisha ya neema yatakuja. Dini ya Wakristo na mavazi yake viachwe. Watu wafuge nywele, watoe dhabihu. Na tena, waache kulima, kwa maana Mumbo mwenyewe angewapa chakula na mifugo.

Habari hiyo ilisafiri. Ilivuka ikaingia Nyanza Kusini na kupanda milima ya Gusii. Huko ikakuta masimulizi mengine ya Sakawa, mtabiri wa Gusii aliyekuwa amekwisha kufa, ambaye watu walisimulia kwamba alitabiri wageni wangeondoka siku moja. Kwa hiyo mioyo ilikuwa tayari. Kilichokosekana kilikuwa dalili tu.

Na dalili ikaja. Septemba 1914 jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka kutoka kusini likaelekea Kisii. Maafisa wa Kiingereza hawakungoja, waliondoka mjini. Hebu jiweke mahali pa kijana wa wakati ule. Wale waliokuchomea nyumba mwaka wa 1908, leo umewaona kwa macho yako wakifunga mizigo na kwenda. Nabii alisema watakwenda, nao wamekwenda. Wewe ungesema nini? Wengi wetu tungepiga kelele kanisani, "Unabii umetimia!"

Tarehe 12 Septemba kikosi cha Mwingereza kilichokuwa kimefika kupitia Kendu kilipigana na Wajerumani pale Kisii. Damu ilimwagika pande zote mbili, na Wajerumani wakarudi walikotoka. Katika siku hizo za machafuko, mji ukiwa hauna mwenyewe, watu waliingia ofisi za serikali na maduka wakachukua mali. Waliingia pia misheni za Nyabururu na Nyanchwa. Walidhani enzi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Mwingereza alirudi, na aliporudi hakuuliza nani alichukua na nani hakuchukua. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, na vijana wakakamatwa kwenda kubeba mizigo ya vita, kazi ambayo wengi wa Nyanza hawakurudi kutoka kwayo. Ile dini ya Mumbo iliendelea kwa miaka mingi, na viongozi wake kadhaa wakakamatwa na kupelekwa uhamishoni pwani. Mkoloni aliondoka kweli, lakini aliondoka mwaka wa 1963. Kutoka 1914 hadi 1963 ni miaka 49. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ya vita vya Kisii alikuwa karibu na miaka hamsini uhuru ulipokuja.

Mpendwa, ona hapo. Neno kwamba wageni wataondoka halikuwa la uongo lote. Majira ndiyo yaliyokosewa, na hatua ndiyo iliyokosewa. Maafisa kukimbia ilikuwa habari ya kweli. Tafsiri ya habari ile ndiyo iliyowaponza watu.

Sasa fungua Yeremia 28. Nabii Hanania anasimama hekaluni mbele ya watu wote. Anasema ndani ya miaka miwili nira ya Babeli itavunjika na vyombo vya hekalu vitarudi. Ni ujumbe mtamu, na anautoa kwa jina la Bwana. Yeremia anamjibu nini? Anaanza kwa kusema Amina! Natamani Bwana afanye hivyo. Sikia moyo wa mtumishi wa kweli: hata yeye alitamani iwe hivyo. Lakini alijua kwamba kutamani jambo hakulifanyi kuwa neno la Mungu. Hanania akaitwaa nira ya mti shingoni mwa Yeremia akaivunja mbele ya watu. Yeremia hakupigana naye. Alishika njia yake akaenda, akangoja mpaka Bwana aseme. Ndipo Bwana akasema, na Hanania akafa mwaka ule ule.

Sura inayofuata Yeremia anawaandikia barua watu walio uhamishoni. Neno la Mungu kwao ni kwamba itakuwa miaka 70. Basi wafanye nini ndani ya miaka hiyo? Wajenge nyumba na kukaa ndani yake. Wapande bustani na kula matunda yake. Waoe, waoze watoto wao. Wauombee amani mji ule ule uliowachukua mateka.

Weka jumbe hizi mbili kando kwa kando. Mumbo alisema, acha kulima, ukombozi uko mlangoni. Bwana alisema, ukombozi utakuja kwa wakati wake, kwa hiyo panda bustani. Ukombozi wa Mungu haumpokonyi mtu jembe mkononi. Paulo alikutana na jambo hilo hilo Thesalonike. Uvumi ulienea kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika, na baadhi ya ndugu wakaacha kazi wakawa wanazungukazunguka katika nyumba za watu. Akawaandikia katika barua ya pili, sura ya 3, kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Huyo ni mtume aliyengojea kurudi kwa Yesu kuliko sisi, lakini mikono yake ilikuwa inashona hema.

Usifikiri haya yaliisha zamani. Kule Kanungu, Uganda, kikundi kilichojiita cha kurejesha Amri Kumi za Mungu kiliwafundisha watu kwamba dunia ingekwisha mwaka wa 1999 ukiisha. Wafuasi waliuza mali zao. Mwaka ukageuka, jua likachomoza kama kawaida. Tarehe 17 Machi 2000 moto ukawaka katika nyumba yao ya ibada, na mamia ya watu wakafa. Na hapa kwetu Kenya, Aprili 2023, tulisikia habari za msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Watu walifunga mpaka kufa wakiamini wanakwenda kukutana na Yesu. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400, na miongoni mwao walikuwemo watoto wengi. Mtoto hakuulizwa kama ameelewa unabii.

Ona njia ilivyo moja. Mwaka wa 1913 watu wanaambiwa waache kulima. Kanungu wanauza mali. Shakahola wanaacha kula. Kila mara kuna mtu mmoja ambaye haruhusiwi kuulizwa maswali, na kuna tarehe iliyo karibu sana. 1 Yohana 4:1 inatuamuru tuzijaribu roho, na amri hiyo imetolewa kwa watu waliojazwa Roho. Ndugu yangu Mpentekoste, kunena kwa lugha hakukuondolei wajibu wa kupima. Mchungaji akikasirika ukipima anachosema, na mimi nikiwemo, huyo ndiye wa kupimwa mara mbili.

Lakini nisikuache na upande mmoja tu, usije ukasema kazi ya Mkristo ni kukaa na kungoja. Ngoja ngoja nayo huumiza matumbo. Rudi tena Nyanza, miaka saba baadaye.

Vita vilikwisha. Kodi ikapanda mpaka shilingi 16. Kipande kikaja, mtu akitembea na karatasi yake shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mwaka wa 1920 Kenya ikatangazwa koloni, na watu wakaona ardhi yao sasa ni mali ya Mfalme wa Uingereza. Mwaka wa 1921 walowezi wakakata mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Ilikuwa hali ile ile ya maumivu, pengine kubwa zaidi.

Tarehe 23 Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, Gem. Angalia ramani, Gem inapakana na Alego alikotoka Onyango Dunde. Ni majirani. Waliosimama mbele safari hii walikuwa vijana waliosoma misheni, Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende. Chama chao kiliitwa Young Kavirondo Association, na wananchi wakauita mwamko huo Piny Owacho, yaani nchi imesema. Hawakusema mkoloni atatoweka kesho. Waliandika madai yao moja moja. Kodi ipunguzwe, wanawake wasitozwe. Kipande kiondoke. Kambi za kazi za lazima zifungwe. Watu wapewe hati za ardhi yao. Hadhi ya koloni ifutwe. Kisha wakadai Gavana aje awasikilize yeye mwenyewe.

Machi 1922 mambo yakawa mabaya Nairobi. Harry Thuku alikamatwa, watu wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, na tarehe 16 risasi zikafyatuliwa zikaua watu wasiopungua 21. Damu ile si kosa la waliokufa. Bali fikiria wale wa Nyanza baada ya kusikia habari hizo. Wangeweza kuogopa na kunyamaza. Wangeweza pia kuwasha moto. Walisimama pale pale na madai yao. Julai 1922 Gavana Northey alikuja Nyahera, karibu na Kisumu, kukutana na watu. Kambi za kazi zikafungwa. Kodi ikapunguzwa mpaka shilingi 12. Hati za ardhi hawakupewa, na koloni haikufutwa. Hawakupata yote, lakini walichopata hakikuchukua nyumba ya mtu wala ng'ombe wa mtu, na watoto wao wakaendelea kudai yaliyobaki.

Tofauti ya 1914 na 1922 si ujasiri, maana wote walikuwa jasiri. Tofauti ni kwamba wa pili waliielewa nyakati waliyomo, wakajua la kufanya ndani yake. Hiyo ndiyo roho ya Isakari.

Biblia imejaa watu wa namna hiyo. Abigaili alirudi nyumbani na habari nzito kwa mumewe Nabali. Alikuta amelewa, hakumwambia neno mpaka asubuhi pombe ilipomtoka (1 Samweli 25). Habari ile ile, saa nyingine. Dada yangu, mama wa nyumba, hapo pekee kuna mahubiri ya Jumapili nzima. Nehemia alisikia habari za Yerusalemu mwezi wa Kisleu, akamwambia mfalme mwezi wa Nisani. Ni karibu miezi minne ya kuomba na kupanga kabla ya kufungua kinywa. Alipofika Yerusalemu alizunguka ukuta usiku na watu wachache, akaona kilichobomoka kwa macho yake, ndipo akawaita watu wajenge.

Na Daudi katika pango la Engedi! Sauli, adui yake, anaingia peke yake. Watu wa Daudi wanamwambia hii ndiyo siku aliyoisema Bwana. Waliitumia ahadi ya Mungu kutafsiri nafasi iliyofunguka. Daudi akakata upindo wa vazi tu, na hata kwa hilo moyo ukamchoma. Alijua kiti cha enzi ni chake, Samweli alikwisha kumtia mafuta. Alijua pia kwamba hakutakiwa kukifikia kupitia mlango ule. Mlango kuwa wazi si amri ya kuingia. Kisii ilikuwa wazi Septemba 1914.

Kisha kuna kuchelewa. Katika Hesabu 14 Israeli walikataa kupanda nchi ya ahadi Mungu aliposema pandeni. Asubuhi yake wakajuta, wakasema sasa tutapanda. Musa akawaonya, Bwana hayumo katikati yenu. Walikwenda, wakapigwa mpaka Horma. Mlima ni ule ule na adui ni yule yule, lakini siku imepita. Wewe mkulima wa Ntimaru hili hulihitaji kufundishwa. Mbegu ukiitupa kwa manyunyu ya kwanza ardhi ikiwa bado kavu, itaoza au kuliwa na ndege. Ukingoja mpaka jirani apalilie, mvua itakuacha mahindi yakiwa magotini. Mungu aliyeweka msimu wa mahindi ndiye aliyeweka msimu wa mambo yako.

Basi neno linapokujia, au nafasi inapofunguka mbele yako, fanya hivi:

Lipeleke kwenye Neno. Linakuambia uache kazi, uache dawa, umtoe mtoto shuleni, uuze shamba la familia bila mke wako kujua? Usiseme Amina bado.

Tenganisha habari na tafsiri. Maafisa wameondoka, hiyo ni habari. Hawatarudi kamwe, hiyo ni tafsiri. Ajenti anasema kuna kazi Ughaibuni, hiyo ni habari. Mungu ndiye aliyemtuma, hiyo ni tafsiri, na hujaithibitisha.

Kagua ukuta usiku kama Nehemia. Uliza bei, soma mkataba, piga simu, tafuta waliotangulia. Imani haiogopi kuhesabu. Bwana Yesu mwenyewe katika Luka 14 alimsema mfalme anayeketi kwanza kuhesabu askari wake kabla ya kwenda vitani.

Tafuta ushauri wa watu zaidi ya mmoja, na mmoja wao awe mtu asiyepata faida yoyote ukikubali.

Kisha ukishajua, nenda. Usifanye maombi kuwa maficho ya woga. Lundha watu waliomba, na pia waliandika madai.

Mpendwa, najua wapo wanaosoma haya wakiwa wamechoka. Umengoja kazi, umengoja mtoto, umengoja haki ya shamba lililochukuliwa na ndugu. Mtu akikuambia ni Ijumaa hii, moyo unaruka. Sikulaumu. Yeremia naye alisema Amina. Lakini Mungu anayekupenda hatakudai jembe lako ili akuthibitishie ahadi yake. Panda bustani. Peleka mtoto shule. Omba usiku, amka asubuhi ukafanye kazi. Saa yake ikifika, akukute na mikono iliyo tayari.

Tuombe. Baba katika jina la Yesu, tupe roho ya wana wa Isakari. Tufunulie majira tuliyomo, na utuonyeshe la kufanya ndani yake. Ziba masikio yetu kwa kila sauti inayotuharakisha kwenda kwenye kaburi letu, na utuamshe pale tunapolala saa yako ikipita. Wafunike walio katika vifungo vya manabii wa uongo, uwatoe wakiwa hai. Ubariki Ntimaru, ubariki Kuria pande zote mbili za mpaka. Amina.

Mtumie mtu mmoja ujumbe huu leo, hasa yule unayejua anataka kuuza kitu wiki hii. Mungu akubariki.